Bajeti ya Tume Itetewe Bungeni

Mhariri, mmeuliza tume ya uchaguzi inawezaje kupata uhuru wa kisiasa na wa kifedha mbele ya serikali. Kwa maoni yangu, huupata pale serikali, ambayo yenyewe ni mshindani katika uchaguzi, inaponyang'anywa neno la mwisho juu ya uteuzi wa makamishna na juu ya fedha zao; na hilo la fedha ndilo husahauliwa.

Nchini Afrika Kusini, makamishna huchujwa na jopo linaloongozwa na jaji, kisha majina hupitishwa na Bunge kabla ya Rais kuwateua kwa muhula wa miaka saba. Hata hivyo, Januari 1999, miezi michache kabla ya uchaguzi mkuu, mwenyekiti wa tume hiyo, Jaji Johann Kriegler, alijiuzulu akilalamikia kuingiliwa na serikali. Aprili mwaka huohuo Mahakama ya Katiba iliamua kesi ya chama cha New National Party kuhusu vitambulisho vya wapigakura. Chama kilishindwa, lakini maelezo ya Jaji Pius Langa yana uzito hadi leo: ni Bunge, wala si serikali, linalopaswa kuipatia tume fedha za kutosha, na tume ipewe nafasi ya kutetea makadirio yake mbele ya Bunge hilo. Hakusema kwamba tume ijipangie bajeti itakavyo, nami naafiki, kwa kuwa fedha hizo ni za umma.

Kriegler huyohuyo ndiye aliyeongoza uchunguzi wa uchaguzi wa Kenya wa 2007, uliosimamiwa na tume ambayo Rais Kibaki alikuwa amewateua makamishna wake kadhaa bila kuushauri upinzani. Katiba ya 2010 ikaagiza, katika kifungu cha 249, kwamba Bunge litenge fedha za kutosha na bajeti ya tume iwe fungu la pekee. Kifungu cha 250 kikampa kamishna muhula mmoja wa miaka sita, ili asiwe na sababu ya kumbembeleza aliyemteua.

Kasoro iliyobaki ni kiti kuachwa wazi, kwani tume isiyo na makamishna haina wa kwenda kutetea fungu lolote. IEBC, tume ya uchaguzi ya Kenya, ilikosa mwenyekiti tangu Januari 2023 hadi Julai 2025, na wakazi wa jimbo la Banissa, ambao mbunge wao alifariki Machi 2023, walisubiri uchaguzi mdogo hadi Novemba 2025.