Umeme Umerudi, Oveni Imegoma: Maswali Yenu na Majibu

SWALI: Shikamooni. Nina oveni ya kujengea kabatini. Umeme ulikatika usiku, na uliporudi taa ya ndani inawaka, feni inazunguka, ila moto hakuna kabisa. Kwenye saa panapepesa 0.00. Fundi anasema bodi imekufa, ninunue nyingine. Nikubali?
*Mpika keki, Nyamanoro*

JIBU: Marahaba. Usinunue bodi (sakiti inayoongoza oveni) bado. Hiyo 0.00 inayopepesa inaonyesha kwamba saa imepoteza muda wake. Katika oveni nyingi za kujengea, saa ndiyo inayoruhusu umeme kwenda kwenye elementi (chuma kinachotoa moto), na isipojua ni saa ngapi hairuhusu. Taa na feni huweza kuwa na njia yake, ndiyo maana unaviona vinafanya kazi ukadhani ni moto tu uliokufa.

Rudisha swichi zote za kuzungusha kwenye sifuri, kisha zima breka ya oveni kwenye meni swichi. Kuzima kwenye oveni yenyewe hakutoshi, kwa sababu bodi inabaki na umeme. Subiri dakika 10, bodi iishiwe na chaji iliyobaki ndani yake, ndipo uwashe breka na kuiacha dakika moja bila kugusa kitu. Sasa weka saa. Tafuta kitufe chenye mchoro wa mkono. Kama hakipo, bonyeza kwa pamoja kitufe cha muda wa kupika na kile cha mwisho wa kupika kwa sekunde 2 au 3, kisha panga saa kwa alama za + na −. Namba zikiacha kupepesa, chagua moto wa juu na chini, weka nyuzi 200, uache dakika 10.

Bado ni baridi? Tazama kioo cha saa vizuri kabla ya kushika bisibisi. Ukiona herufi A au neno AUTO, oveni inasubiri muda iliyopangiwa, bonyeza mkono. Ukiona mchoro wa ufunguo, imefungwa kwa ajili ya watoto. Shikilia kitufe chenye mchoro huo sekunde 3 hadi 5. Na kama oveni ilikuwa ya maonyesho dukani, huenda kioo kikaandika DEMO. Hapo taa na feni hufanya kazi siku zote, moto haupiti, mpaka ufuate kitabu chake kuiondoa kwenye hali hiyo. Mtu anaweza kubadilisha elementi mbili kwa kosa hilo.

Vyote hivyo vikiwa sawa ndipo fundi afungue mgongo, breka ikiwa imezimwa. Aanze na kikata moto cha usalama, kidude kidogo cha duara chenye waya mbili. Kingine kina kitufe cha kubonyeza katikati, kingine hujirudisha kikipoa, kingine kikikata ni kubadilisha tu. Asikiunganishe waya moja kwa moja kukiruka! Kikikata tena baada ya siku chache, kuna kinachochemsha mgongo wa oveni, na mara nyingi ni feni ya kupooza iliyojaa mafuta na vumbi, au kabati lisilo na nafasi ya hewa nyuma. Bodi iwe ya mwisho kushukiwa. Umeme unaorudi kwa kishindo unaweza kweli kuiua, kwa hiyo siku nyingine umeme ukikatika zima breka ya oveni, na ukirudi subiri dakika 5 ndipo uiwashe.

SWALI: Keki zangu za asubuhi zinatoka vizuri. Za jioni zinachelewa, zinabonyea katikati. Unga ni ule ule, nyuzi 180 zile zile. Thamostati imeharibika?
*Msomaji, Nansio, Ukerewe*

JIBU: Thamostati, yaani kidhibiti cha joto, haijui asubuhi wala jioni, ndugu yetu. Kinachobadilika ni volti. Jioni kila nyumba imewasha vitu, na waya mrefu unaolisha watu wengi hupoteza volti njiani. Nguvu ya elementi hushuka haraka kuliko volti zenyewe: elementi ya wati 2000 kwa volti 230, ikipewa volti 200 inatoa wati 1,500 hivi, na ikipewa 180 inabaki na wati 1,200 tu. Mwambie fundi apime soketi saa moja usiku huku oveni ikiwaka. Kupima wakati oveni imezimwa hakusaidii.

Volti zikishuka, nyuzi 180 bado zinafikika, ila kwa muda mrefu zaidi, na kila ukifungua mlango joto linachelewa kurudi. Keki inabonyea kwa sababu iliingia kabla oveni haijaiva, au ilifunguliwa mapema. Subiri taa ya thamostati izime na kuwaka mara tatu ndipo uingize keki, na usifungue mlango kabla ya theluthi mbili za muda kupita. Stabilaiza (kifaa cha kusawazisha volti) ya kubeba oveni ni kubwa na ya ghali. Kwa maoni yetu fedha hiyo haifai kutumika hapo. Oka asubuhi.

Ikiwa volti za jioni ni nzuri, nunua kipimajoto cha oveni, kiweke katikati, chagua 180, andika kinavyosoma taa inapozima na inapowaka kwa mizunguko mitatu, kisha chukua wastani. Tofauti ya nyuzi 10 au 15 ni ya kawaida. Ikizidi 30, angalia kwanza ile fimbo nyembamba ya shaba au chuma iliyoshikwa ukutani ndani ya oveni. Hiyo ndiyo inayohisi joto. Ikichomoka kwenye vishikio vyake ikagusa ukuta au elementi, inasoma uongo, na kuirudisha mahali pake hakugharimu kitu. Na mpira wa mlango uliokatika nao unatosha kukuharibia keki.

SWALI: Oveni yangu ya mezani ya wati 2500 nimeichomeka kwenye ekstensheni. Plagi inapata moto na inanuka. Nipunguze nyuzi?
*Msomaji, Igoma*

JIBU: Hapana, iondoe kwenye ekstensheni leo. Inavuta karibu ampea 11, na ekstensheni nyingi za waya mwembamba haziwezi kubeba hivyo kwa saa nzima. Chomeka kwenye soketi ya ukutani ya ampea 13 iliyofungwa kwa waya wa milimita za mraba 2.5. Soketi yenye doa la kahawia au inayolegea, badilisha yote pamoja na plagi, kwani chuma kilichoungua hakishiki tena vizuri. Oveni inayozidi wati 3000 haitaki plagi kabisa. Inataka laini yake kutoka meni swichi.

SWALI: Baada ya oveni kukaa miezi mingi bila kutumika, kila nikiiwasha breka ya nyumba nzima inashuka. Fundi alikata waya wa ethi, sasa inafanya kazi. Ni salama?
*Msomaji, Kirumba, karibu na ziwa*

JIBU: Si salama hata kidogo. Chomoa oveni hiyo na usiitumie tena mpaka ethi irudishwe. Umeme ulikuwa unavuja kwenda kwenye bati la oveni, na breka ya RCD, ile yenye kitufe cha T, ilishuka kukulinda. Bila ethi, bati lenyewe linabaki na umeme, na atakayeligusa akiwa pekupeku kwenye sakafu yenye maji ndiye atakayeupitisha.

Chanzo mara nyingi ni unyevu. Ndani ya elementi, waya wa moto umezungukwa na unga mweupe unaozuia umeme lakini unaonyonya maji ya hewani kupitia ncha zake, na karibu na ziwa hewa haikauki sana. Fundi azime meni, achomoe waya zote mbili za elementi, apime kati ya ncha na bati kwa kipimo cha volti 500 cha kupimia uvujaji. Multimita ya kawaida inaweza isione kosa hili. Kikisoma chini ya megaomu 1, umeme unavuja: atoe elementi, aikaushe kwenye oveni nyingine kwa nyuzi 120 kwa saa mbili, apime tena. Ikipanda, irudi. Isipopanda, au ikiwa imevimba au kupasuka, nunua mpya.

Nenda dukani na ile ya zamani mkononi, mlinganishe urefu, umbo na nafasi za skrubu, kisha msome maandishi yaliyogongwa juu yake: wati zilingane, volti ziwe 220 hadi 240. Iliyoandikwa 120 itatoa nguvu karibu mara nne na kuungua palepale. Kabla ya kulipa ipimwe kwa multimita: ya wati 1000 isome karibu omu 53, ya 1500 omu 35, ya 2000 omu 26. Isiyosoma chochote imekatika, hata kama ni mpya kwenye boksi.