Kamshafti mpya na tapeti mpya: dakika 20 za kwanza usiiache injini sailensi

Mkuu umeuliza mambo mawili: umefunga kamshafti mpya (ile shafti inayofungua valvu) na fundi kakwambia ukishawasha uiache ingurume taratibu, yaani sailensi, nusu saa "izoee", ufuate au usifuate, halafu kama tapeti za zamani (vile vipande vinavyokaa juu ya kamshafti na kusukumwa nayo) unaweza kuzirudisha maana bado zinaonekana nzima. La kwanza, usifuate. Kama hiyo injini ni ya tapeti bapa basi hiyo nusu saa ya taratibu ndiyo inayoua kamshafti. Nimeshafungua injini za watu zilizowashwa hivyo, unakuta nundu (ule uvimbe wa kamshafti unaosukuma tapeti) moja au mbili zimeliwa hadi zinakaribia kuwa duara, na tapeti yake imechimbika katikati kama kisahani, wakati nundu za jirani bado zinang'aa hazina hata mkwaruzo. Kama tapeti zako ni za roli, zenye kigurudumu chini, pumua, hizo hazina mambo mengi, pakaa oili washa endelea na maisha.

Kwa nini bapa zina kero hivi? Kwa sababu zinasugua, hazibingiriki. Halafu tunaziita bapa lakini ukiweka rula chini yake utaona zimebinuka kidogo sana, na nundu ya kamshafti nayo imechongwa na mwinamo mdogo upande mmoja, kusudi kila nundu inapoisukuma tapeti iwe inaizungusha kidogo kidogo. Tapeti inayozunguka inaishi, inayogoma inasuguliwa palepale kila saa na ndiyo hiyo inakuja kuliwa. Sasa njoo kwenye oili: beringi za kamshafti zinapata oili ya presha, ila nundu zenyewe kwenye injini nyingi za pushirodi (fimbo zinazopeleka msukumo wa tapeti juu kwenye roka, na roka zinafungua valvu) zinategemea oili inayorushwa na krenki ikizunguka. Ukiwa kwenye raundi 700 au 800 kwa dakika krenki hairushi kitu cha maana. Na kuna jambo wengi hawalijui, kwenye raundi ndogo ndipo ncha ya nundu inabeba nguvu yote ya springi ya valvu, raundi zikipanda uzito wa valvu na tapeti wenyewe unapunguza ule mgandamizo pale nchani. Kwa hiyo sailensi ni hasara mara mbili, oili kidogo mzigo mkubwa.

Kazi kubwa iko kabla ya kuwasha, na hapa ndipo watu wanaharibu kwa haraka zao. Ile pesti nyeusi ya molibdeni inayokuja na kamshafti pakaa kwenye nundu na chini ya tapeti tu, kwenye beringi na ubavuni mwa tapeti weka oili ya kawaida. Kabla hujafunga kava ya tapeti zungusha injini kwa mkono, kwa spana kwenye puli ya krenki, huku unaangalia pushirodi, kila moja uweke alama ya rangi uione inazunguka. Ikigoma, toa hiyo tapeti uangalie tundu lake kama lina uchafu au limebana, usijipe moyo kwamba itajirekebisha yenyewe injini ikiwaka.

Presha ya oili uipandishe kabla ya kuwasha. Kama pampu inazungushwa na shafti ya distribyuta, toa distribyuta uizungushe pampu kwa drili mpaka oili itoke kwenye roka. Kama pampu yako iko kwenye krenki huna jinsi, toa plagi piga starta kwa vipande vifupi mpaka geji ipande, ila usizidishe maana kila ukipiga starta unaikwangua ile pesti na ndiyo inayokulinda. Ndiyo maana nasema injini lazima iwake papo hapo: taimingi uwe umeshaiweka, kabureta ina mafuta ndani, betri imejaa, rejeta imejaa maji na hewa imetoka. Mtu anapiga starta dakika tano eti anatafuta moto, huyo kamshafti ameshaimaliza hata haijanguruma.

Ikiwaka tu, kanyaga mpaka raundi 2000 na ukae kati ya 2000 na 2500 kwa dakika 20 mpaka 30, ila usikae namba moja, panda shuka panda shuka ili oili irushwe sehemu tofauti. Weka feni kubwa mbele ya rejeta maana gari imesimama na joto linapanda haraka. Ukiona maji yanavuja au geji ya joto inakimbia, ZIMA, usiirudishe sailensi uangalie tatizo huku inanguruma. Rekebisha, washa, rudi kwenye raundi zako umalizie dakika zilizobaki. Kama springi zako ni zile za mbili mbili toa ya ndani kwanza, utairudisha baada ya hapo, ni usumbufu kweli lakini kwa springi kali mimi sikwepi.

Oili nayo, usinunue tu iliyo karibu. Tapeti bapa zinataka zinki na fosforasi, na oili za petroli za kisasa zimepunguziwa kwa sababu fosforasi inaharibu kataliza ya ekzosi, ile inayosafisha moshi. Tangu kiwango cha oili cha API SM cha 2004, oili nyepesi kama 5W-30 zimewekewa kikomo cha fosforasi asilimia 0.08. Tafuta oili ya madini iliyotengenezwa kwa kuzoeshea injini, sio sinthetiki. Ukimaliza zile dakika mwaga oili na filta, filta uikate uikunjue karatasi yake. Weusi wa ile pesti ni kawaida, vumbi jepesi la chuma pia, lakini ukiona vipande vinavyong'aa simama hapohapo maana hicho chuma kinaelekea kwenye beringi. Kama ni tapeti za kurekebisha kwa mkono pima gepu tena injini ikishapoa, na uzipime tena baada ya kutembea kidogo. Gepu ya valvu moja ikiendelea kukua peke yake kila ukipima, nundu hiyo inaliwa.

Tapeti za zamani kwenye kamshafti mpya: hapana, hata ziwe zinang'aa. Zimeshaoana na nundu zao za zamani, ule mbinuko wa chini umeisha na hazitazunguka. Hata hiyo kamshafti ya zamani, kama unafikiria kuirudisha siku moja, kila tapeti irudi kwenye nundu yake ileile, kwa hiyo kama bado zipo mezani ziandike namba kabla hazijachanganyika.