Mechi za Agosti: Tazama Nani Yupo Uwanjani, Siyo Nani Kafunga

Kila mwaka inapoanza Agosti, simu yangu hujaa ujumbe wa ndugu na marafiki wanaouliza jambo moja: huyu kijana aliyekimbia yadi tisini jana usiku, nimchague? Nimeishi Ohio zaidi ya miaka kumi, na karibu muda wote huo nimecheza ligi ya fantasi ya futiboli ya Kimarekani pamoja na wenzangu wa kazini na Waafrika Mashariki wachache tuliokutana huku. Jibu langu limebaki lile lile. Kabla ya kuniambia alikimbia yadi ngapi, niambie alizikimbia katika robo ya ngapi, na waliokuwa naye uwanjani wakati huo walikuwa akina nani.

Kwa msomaji ambaye ndiyo kwanza anaingia katika mchezo huu, kila mshiriki wa ligi huchagua wachezaji halisi wa NFL, ligi kuu ya kulipwa ya futiboli ya Kimarekani, kisha hujipatia pointi kutokana na wanachokifanya uwanjani kila wiki. Kwa kawaida ni pointi 1 kwa kila yadi 10 za kukimbia na mpira au kuupokea, pointi 6 kwa tachidauni ya mkimbiaji au mpokeaji, yaani anapoufikisha mpira katika eneo la goli la wapinzani, na katika ligi nyingi huongezwa pointi 1 kwa kila mpira uliodakwa. Maana yake ni kwamba kipaji peke yake hakikupi kitu. Mchezaji wako lazima awe uwanjani, tena mara nyingi, na kocha awe na nia ya kumpa mpira, kwa hiyo unapomchagua mtu unachokitafuta hasa ni nafasi yake katika kikosi. Mechi za maandalizi, zile za Agosti kabla ya msimu wenyewe kuanza Septemba, zinaweza kukuonyesha nafasi hiyo vizuri sana, lakini hazikuonyeshi katika ukurasa wa takwimu.

Timu huingia kambini na wachezaji 90, na mwishoni mwa Agosti lazima zibaki na 53. Timu ni 32, kwa hiyo kwa siku chache watu zaidi ya 1,100 huondolewa vikosini, na ni sehemu tu kati yao wanaorudishwa katika vikosi vya mazoezi. Sasa fikiria robo ya nne ya mechi ya maandalizi. Wanaoshambulia ni wachezaji wa daraja la tatu la timu yao, wanaozuia nao wengi wako katika orodha ya kuachwa, na makocha wa pande zote mbili wameficha mbinu zao za kweli kwa sababu hakuna anayetaka kuwafundisha wapinzani wa Septemba. Yadi zinazopatikana hapo ni yadi za bei rahisi. Nasema haya kwa uchungu, kwa sababu katika msimu wangu wa kwanza nilimchagua mapema kabisa mkimbiaji aliyeng'ara usiku wa namna hiyo. Nilikuwa nimeangalia muhtasari wa matukio peke yake, nikaona anavyowapita watu, nikaamini nimegundua kitu ambacho wenzangu hawakukiona. Alibaki katika kikosi cha watu 53, ni kweli, lakini wiki baada ya wiki alisimama kando ya uwanja huku mwenzake akibebeshwa mpira, na mimi nikapoteza chaguo ambalo lingenipa mtu wa kuanza kila Jumapili.

Hata matokeo ya timu nzima hayasemi lolote. Detroit Lions walishinda mechi zao zote nne za maandalizi mwaka 2008, kisha wakapoteza zote 16 za msimu wenyewe. Cleveland Browns, timu ya hapa hapa Ohio, walifanya vivyo hivyo mwaka 2017: nne kwa nne Agosti, sifuri kwa 16 baadaye. Baltimore Ravens walishinda mechi 24 mfululizo za maandalizi kabla ya kufungwa na Washington mwaka 2023, na katika miaka hiyo yote hawakutwaa ubingwa hata mara moja.

Basi ninafanya nini? Ninachukua daftari na kalamu, na ninatazama zamu mbili za kwanza za kushambulia za kila timu. Katika kila snapu, yaani kila mpira unapoanzishwa, ninaandika namba za jezi za wakimbiaji, wapokeaji na taitiendi, yaani wapokeaji ambao pia huzuia, walio uwanjani pamoja na kwotabeki wa kwanza, yule mrushaji mpira anayeongoza mashambulizi. Siandiki yadi. Agosti ni vyema kuandika na nafasi ya mchezaji pembeni ya namba, kwa kuwa wachezaji ni wengi kiasi kwamba watu wawili wa timu moja huweza kuvaa namba moja, mmoja akiwa mshambuliaji na mwingine mzuiaji. Baada ya snapu kumi au kumi na mbili, ukurasa unaanza kuzungumza wenyewe. Utaona kwamba mpokeaji fulani aliyesifiwa sana magazetini huingia pale tu wanapohitajika wapokeaji watatu, na wakiwa wawili yeye hutolewa. Utaona kwamba mwingine, ambaye hakuna anayemtaja, hakutoka hata mara moja. Huyo wa pili huenda hajadaka mpira hata mmoja usiku huo, na katika takwimu jina lake lina sifuri tupu, lakini mimi namzungushia duara.

Jambo ninaloliangalia kwa makini kuliko yote ni jaribio la tatu. Timu ina majaribio manne ya kusogea yadi 10, na jaribio la tatu likiwa bado na yadi saba au nane mbele, karibu kila mtu anajua mpira utarushwa. Hapo mkimbiaji anatakiwa ama amzuie adui anayemvamia kwotabeki, ama atoke nje kuupokea mpira mfupi. Kocha hamwachi uwanjani mtu asiyeweza kumlinda kwotabeki wake, hata kama mtu huyo ana kasi ya swala. Nina ukurasa wa zamani katika daftari ambao niliandika, kwa mkimbiaji wa mwaka wa kwanza aliyekuwa gumzo la ligi yetu: "1 yumo, 2 yumo, 3 katoka", mistari minne mfululizo, zote zikiishia na "katoka". Wenzangu waliona tachidauni yake, mimi niliona mgongo wake akikimbilia benchi. Katika ligi inayotoa pointi kwa kila mpira uliodakwa, anayebaki kwa jaribio la tatu, na kwa dakika mbili za mwisho za nusu ya kwanza, ana thamani kubwa kuliko anavyoonekana. Vivyo hivyo kwa mtu anayeitwa mpira unapokuwa karibu na mstari wa goli, ingawa timu nyingi haziifichui mipango hiyo kabla ya Septemba, kwa hiyo huko sijengi hoja nzito.

Kutocheza nako ni habari, na pengine ndiyo habari iliyo bora zaidi. Mchezaji wa mwaka wa kwanza anayecheza zamu moja na kikosi cha kwanza, kisha akavua kofia ngumu na kukaa na nyota wa timu usiku uliobaki, huyo tayari kocha ameshamweka katika hesabu zake. Mwenzake aliyesajiliwa mwaka huo huo anayeendelea kucheza hadi robo ya tatu bado yuko katika mtihani. Ukitazama takwimu, wa pili ndiye atakayekuvutia, kwa sababu ndiye aliyepata muda wa kufanya mambo.

Somo hili sikulishika vizuri hadi mwaka 2021, na lilinigharimu mpokeaji Ja'Marr Chase. Cincinnati Bengals walikuwa wamemchagua katika nafasi ya tano ya drafti, yaani zoezi la kila mwaka la timu kuchagua wachezaji wapya kutoka vyuoni, baada ya msimu wa 2019 aliopata yadi 1,780 na tachidauni 20 katika chuo cha LSU, na baada ya kuupumzika kabisa msimu wa 2020 wakati wa korona. Agosti akaanza kuangusha mipira. Dhidi ya Washington pekee aliangusha mitatu. Nilikuwa nimekaa sebuleni na daftari, na mpira wa tatu ulipogonga viganja vyake na kudondoka, nilichora mstari juu ya jina lake. Yeye mwenyewe alieleza kwamba mpira wa NFL ni tofauti na ule wa chuo, hauna michirizi myeupe inayomsaidia mpokeaji kuuona unavyozunguka, na watu wengi walilichukulia hilo kuwa kisingizio.

Kosa langu halikuwa kuamini macho yangu. Daftari langu lenyewe lilikuwa na jibu na sikulisoma. Joe Burrow, kwotabeki wa kwanza wa Bengals, hakuwa uwanjani usiku ule, kwa kuwa bado alikuwa anarudishwa polepole baada ya upasuaji wa goti, na mipira ile ilirushwa na mtu mwingine. Burrow na Chase walicheza pamoja LSU na kutwaa ubingwa wa vyuo katika msimu ule wa 2019, kwa hiyo jambo la kupima lilikuwa watakuwaje watakapokutana tena, na hilo Agosti haikulionyesha vya kutosha. Lililoonekana ni kwamba hata baada ya kuangusha mipira, makocha hawakumwondoa katika kikosi cha kwanza. Alifungua msimu kwa yadi 101 na tachidauni dhidi ya Minnesota, akaumaliza na yadi 1,455 na tachidauni 13, na akatajwa kuwa mshambuliaji bora wa mwaka wa kwanza. Katika ligi yetu alichukuliwa na mtu aliyekuwa zamu moja baada yangu.

Majeruhi ndiyo sehemu ngumu kuizungumzia, kwa sababu tunahesabu pointi juu ya maumivu ya watu. Hata hivyo ndiyo hubadilisha nafasi kwa usiku mmoja. Agosti 2016 Tony Romo, kwotabeki wa Dallas, aliumia mgongo katika mechi ya tatu ya maandalizi huko Seattle, na kwotabeki chipukizi Dak Prescott, aliyechaguliwa raundi ya nne ya drafti, akaongoza timu hadi ushindi 13 katika mechi 16. Mwaka uliofuata mkimbiaji Spencer Ware wa Kansas City aliumia goti, huko huko Seattle na tena katika mechi ya maandalizi ya Agosti, na chipukizi Kareem Hunt akawa kinara wa wakimbiaji wote wa NFL kwa yadi 1,327. Mwaka 2023 mpokeaji Cooper Kupp wa Los Angeles Rams aliumia msuli wa nyuma ya paja kambini, akakosa mechi nne za mwanzo, na Puka Nacua, aliyechaguliwa wa 177, akadaka mipira 105 kwa yadi 1,486, zote mbili zikiwa rekodi za mchezaji wa mwaka wa kwanza wakati huo. Waliomchukua Nacua mapema walikuwa wamejiuliza mpira wa Kupp utakwenda kwa nani. Swali hilo liulize kila unaposoma taarifa ya jeraha la nyota.

Kwa sababu hiyo hiyo ninaisihi kila ligi ifanye uchaguzi wake baada ya mechi ya tatu ya maandalizi na baada ya siku ya kupunguza vikosi. Tangu 2021 timu nyingi zina mechi tatu tu, kwa hiyo kusubiri si kazi kubwa. Mwaka huo huo mkimbiaji J.K. Dobbins wa Baltimore alichanika goti katika mechi ya mwisho kabisa, Agosti 28, na waliokuwa wameshachagua walianza msimu na nafasi tupu. Siku ya kupunguza vikosi angalia pia nani amewekwa katika orodha ya wasioweza kucheza kwa sababu ya afya, kwani anayebaki katika orodha hiyo hawezi kucheza mechi nne za kwanza.

Kuhusu wapiga mateke na safu za ulinzi, usipoteze usiku wako, wachague mwisho. Orodha za vikosi ambazo timu hutoa mapema Agosti nazo zisikusumbue, kwani mara nyingi huandaliwa na idara ya habari ya timu. Na ukiona mchezaji anapewa nafasi zaidi katika vikosi maalumu vya mipira ya mateke, furahi kwa ajili yake lakini usimchague. Hiyo ndiyo njia ambayo Daniel Adongo, Mkenya aliyetoka kwenye raga na kusajiliwa na Indianapolis Colts mwaka 2013, aliingilia uwanjani. Ni njia ya heshima kubwa, ila haileti pointi za fantasi.

Wasomaji wa Dar es Salaam, Nairobi na Bujumbura huniandikia kwamba hawawezi kukesha. Mechi ya saa moja jioni huku mashariki mwa Marekani ni saa nane usiku Dar es Salaam na Nairobi, na saa saba usiku Bujumbura, na ninaelewa kwamba asubuhi kuna kazi. Lakini hamhitaji mechi nzima. Tafuteni marudio, pelekeni mbele matangazo na mapumziko, na tazameni zamu mbili za kwanza za kila upande. Dakika ishirini hivi zinatosha kwa timu moja. Kabla ya kufungua video andikeni katika daftari namba za kwotabeki wa kwanza na wa pili, ili mtakapoona aliyesimama nyuma ya mpira amebadilika, mjue ni hapo pa kuweka kalamu chini.