Weka Hiyo Pini Chini

Jumapili usiku msomaji mmoja aliniandikia: "Dada, waifai imeshika, alama zote zimejaa, ila intaneti hakuna. Kesho saa tatu asubuhi nina usaili wa kazi mtandaoni. Pini ninayo mkononi, niiriseti ruta?" Nilimpigia papo hapo. Hata salamu hatukumaliza, nikamwambia weka hiyo pini chini.

Mimi yangu niliwahi kuiriseti kwa pini. Mwaka 2022, hapa hapa Tabata, nilikuwa nimeomba kazi ya ukalimani wa mtandaoni kwa wakala wa nje. Hatua mbili nilishavuka, ikabaki mahojiano ya mwisho saa nne asubuhi. Saa tatu na nusu kompyuta ikaandika imeunganishwa, hakuna intaneti. Nikazima ruta, nikawasha, mara nne. Jasho likanitoka. Nikachukua pini, nikabonyeza kwa sekunde kumi kile kitundu cha nyuma kinachoirudisha ruta kama ilivyotoka kiwandani.

Taa zote zilizima, zikawaka tena, na jina la waifai yangu likapotea. Pamoja nalo likafutika jina la mtumiaji na neno la siri ambavyo fundi wa kampuni aliviingiza siku ya kufunga huduma. Sikuwa nimeviandika popote. Nikapiga huduma kwa wateja, nikaulizwa kama nimejaribu kuzima na kuwasha. Nikapiga tena, nikaulizwa lile lile. Fundi alikuja siku ya tatu. Akavuta kabati la televisheni, ambalo tulilisogeza wikiendi ile kwa ajili ya wageni, akanionyesha waya wa faiba umekunjwa kama kiwiko. Ndani ya waya ule mna uzi wa kioo unaopitisha mwanga. Ukiukunja sana, mwanga unavuja njiani. Taa ya LOS, inayowaka nyekundu mwanga usipofika kwenye kifaa, ilikuwa nyekundu muda wote na mimi sikuwahi kuitazama. "Ungeunyoosha tu, dada," aliniambia.

Wakala aliniandikia mstari mmoja kwamba wamepata mtu mwingine. Kinachoniuma mpaka leo ni kwamba simu yangu ilikuwa na bando la GB 2, pembeni ya kompyuta. Ningewasha hotspoti ningefanya mahojiano yale hadi mwisho.

Kwa hiyo nasema, na nitaendelea kusema: waifai si intaneti. Zile alama zinakueleza simu yako na ruta zinavyosikilizana, basi. Koki za nyumbani kwako zinaweza kuwa nzima na maji yasitoke, kwa sababu bomba la mtaani limekauka. Kabla hujagusa chochote, jiulize tatizo liko ndani au nje. Tazama taa. LOS ikiwa nyekundu, angalia waya wa faiba, na kama haujakunjwa piga simu kwa kampuni. LOS ikiwa imezima na taa ya PON, ile ya muunganisho wa faiba na kampuni, imetulia bila kupepesa, mwanga unafika. Hapo angalia kama kifurushi kimeisha, kisha fungua ukurasa wa ruta kwa anwani iliyoandikwa chini yake, mara nyingi 192.168.1.1. Ukifunguka, wewe na ruta mko sawa. Kama mipangilio ya kompyuta inaonyesha anwani yake ya mtandao inaanza na 169.254, ruta haijaipa anwani, na hapo kuzima na kuwasha kunaweza kusaidia. Lakini taa kwanza. Taa kwanza, jamani.

Tarehe 12 Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zinazotuletea intaneti zilipokatika, nilitazama taa zangu, LOS imezima, nyingine zote kijani, ukurasa wa ruta ukafunguka. Nikajua tatizo haliko kwangu, nikatulia. Jirani yangu aliriseti. Intaneti iliporudi mtaani, yeye alikuwa bado anamngoja fundi. Sikufurahi hata kidogo, maana nilijua anavyojisikia. Ndugu zangu, tunategemea mtandao kula, kusoma na kulipa kodi, halafu hatujui hata taa nne za kifaa kinachotulisha. Tujifunze siku ya raha, na lile neno la siri la kampuni tuliandike kwenye daftari leo.

Turudi kwa msomaji wangu. LOS imezima, PON imetulia, kifurushi kipo, ukurasa wa ruta unafunguka. Nikamwambia afanye pingi ya 8.8.8.8 kwenye kompyuta, yaani aiite kwa namba kompyuta ya Google iliyo huko nje, aone kama inajibu. Majibu yakaja bila kukatika. Akajaribu jina la tovuti, kimya. Basi intaneti ilikuwepo tangu mwanzo. Kilichokufa ni DNS, huduma inayogeuza majina ya tovuti kuwa namba. Tukaingia kwenye mipangilio ya kompyuta, tukaandika 1.1.1.1, namba ya DNS nyingine, mahali pa DNS, kurasa zikafunguka. Dakika kumi na mbili. Hata hivyo nilimsisitiza anunue bando la akiba kwenye simu usiku ule ule.

Jumatatu saa nne na nusu akaniandikia kwamba usaili umekwisha, na bando hakuligusa.