STI au Evo kwa mtu wa Arusha na Moshi: anza na injini, spoila itajitazama yenyewe

Ujumbe uliingia juzi usiku kutoka kwa msomaji wa Moshi: "Shikamoo kaka. Nimejichanga miaka mitatu. Kuna Subaru Impreza WRX STI ya 2006 inauzwa Njiro, na kuna Lancer Evolution IX ya mwaka huohuo iko Dar. Zote manyuo, bei zinakaribiana. Mimi nakaa Rau, kila Ijumaa napanda Arusha. Nichukue ipi?"

Marahaba mdogo wangu. Jibu fupi: chukua STI ya Njiro, kama itapita vipimo nitakavyokueleza hapa chini. Isipopita, iache hukohuko. Usikimbilie Evo kwa hasira, maana Evo nayo ina vipimo vyake, na baadhi ni vigumu zaidi.

Waliokulia ukanda huu wanajua ubishi huu ulikotoka. Tommi Mäkinen alishinda Safari Rally ya 1996 kwa Lancer. Mwaka uliofuata Colin McRae akashinda kwa Impreza. Mwaka 2000 Richard Burns akashinda kwa Subaru, na 2001 Mäkinen tena kwa Lancer. Magari yote mawili yana sifa za kweli. Ila gari la mashindano lina kundi la mafundi wanaolifungua kila siku, na la kwako litalala nje Rau na kuonana na fundi mmoja, tena siku akiwa na nafasi.

Kwanza hakikisha hilo linaloitwa STI ni STI. Mjini kuna Impreza nyingi za kawaida zilizobandikwa nembo ya pinki na spoila kubwa. Fungua boneti usome kibati cha chesisi. STI ya umbo hilo inaanza na GDB. Ukiona GDA hiyo ni WRX ya kawaida, ukiona GD2 au GD3 hiyo ni ya 1500 cc iliyovaa nguo za kuazima. GDB ya 2006 ina gia 6, breki za Brembo mbele na nyuma, na rimu za matundu 5 kwa 114.3, yaani boliti 5 kwenye duara la milimita 114.3. Zile za kabla ya 2005 ni 5 kwa 100, kwa hiyo usinunue rimu za mkononi kabla ya kupima. Kwa Evo IX tafuta CT9A. Lancer ya kawaida ya umri huo ina namba za CS.

Ukipenda kutumia sumaku kutafuta puti inayoficha ajali, kumbuka jambo moja. Boneti la GDB ni alumini, na kwenye Evo IX boneti, fenda za mbele na paa ni alumini pia. Sumaku haitashika hapo hata kama gari halijawahi kuguswa. Ijaribu kwenye milango na fenda za nyuma. Kisha lala chini uangalie kutu kwenye matao ya magurudumu ya nyuma, hasa kama gari lilitumika Japan kaskazini ambako barabara humwagwa chumvi wakati wa theluji.

Sasa injini, na hapa ndipo pesa zako zitaokoka au kuzama. STI ya Japan ina EJ20, silinda 4 zilizolala, 1994 cc. Evo IX ina 4G63, silinda 4 zilizosimama kwa mstari, 1997 cc, na bloku lake ni chuma cha kumimina. Karatasi zote mbili zinasema farasi 280. Ukiniuliza ipi ina bloku gumu zaidi, nitasema 4G63 bila kusita. Inavumilia presha ya turbo na inavumilia mikono ya watu. EJ20 ni injini nzuri sana lakini haivumilii mambo mawili: kukosa oili, na mafuta duni kwenye turbo iliyoongezwa presha.

EJ20 nyingi zinazokufa huku kwetu zinakufa kwa beringi za konrodi, fimbo inayounganisha pistoni na krenki, ndiyo ile mafundi wanasema "imenoki". Chanzo mara nyingi ni kijinga na kinauma. Mtu anapanda kutoka uwanja wa ndege wa KIA hadi Usa River kwa mizunguko mikubwa, injini inakula oili kidogokidogo, na yeye anasubiri taa ya oili iwake. Taa hiyo inaonyesha presha imeshaanguka. Ikiwaka, beringi zimeshasuguana kavu. Kutoka alama ya chini hadi ya juu kwenye dipstiki ya Subaru ni takriban lita 1, kati ya lita 4 na kitu ambazo injini nzima inabeba. Yaani ukiwa alama ya chini umeshapoteza karibu robo. Halafu unaingia kona kwa kasi, oili inakimbilia upande mmoja, na bomba la kufyonza linavuta hewa. Bomba lenyewe nalo hupasuka kwenye kiungo chake ndani ya sampo, bakuli la oili chini ya injini, kwa hiyo siku ukishusha sampo kwa sababu yoyote, weka jipya. Pima dipstiki kila unapojaza mafuta, gari likiwa sehemu tambarare na injini imezimwa dakika kadhaa. Mwaga oili kila kilomita 4,000, sintetiki ya 5W-40, na nunua dumu la lita 5 ili kinachobaki kikae kwenye buti. Hili si la kujadiliana. Anayeona oili ni ghali anunue gari lisilo na turbo.

4G63 nayo ina ugonjwa wake. Ina mikanda miwili mbele: mkubwa wa taimingi, na mdogo unaozungusha shafti ya kutuliza mtetemo. Mdogo huo ukikatika, vipande vyake huingia kwenye mkanda mkubwa, taimingi inaruka, valvu zinapiga pistoni. Watu wengi hubadilisha mkubwa na kuuacha mdogo eti bado mzima. Badilisha yote miwili kwa pamoja, na tenshena zake na pampu ya maji. EJ20 ina mkanda mmoja tu, lakini nao ukikatika valvu zinapiga pistoni vilevile. Kwa zote mbili mwisho ni kilomita 100,000. Na kwa gari la 2006 lisilo na ushahidi wa karatasi, hesabu kwamba mkanda haujawahi kubadilishwa, hata kama dashibodi inasoma 80,000. Raba inazeeka hata gari likiwa limesimama.

Kuhusu mafuta: injini hizi zilipangwa kiwandani kwa petroli ya daraja la juu ya Japan, ya oktani 100. Ya vituo vyetu iko chini ya hapo. Kompyuta ya injini inasikia mafuta yakiwaka kabla ya wakati wake na kurudisha nyuma mwako, kwa hiyo ukiendesha kwa upole utaishi. Ukikanyaga hadi mwisho kwenye mlima siku ya joto, unaitegemea kompyuta iwahi kila mara. Tafuta mtu mwenye laptopu na waya wa kusomea Subaru akuonyeshe thamani inayoitwa DAM au IAM. Inatakiwa iwe 1, au 16 kwa kompyuta za zamani. Ikiwa imeshuka, kompyuta imekuwa ikisikia mwako huo wa mapema mara nyingi, na unatakiwa kujua sababu kabla ya kulipa hata shilingi. Ukishanunua, panga upya ramani ya kompyuta, yaani mpangilio wake wa mafuta, mwako na presha, kwa petroli ya hapahapa.

Ipangie hapahapa pia kwa sababu ya mwinuko. Arusha iko karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na hewa ni nyepesi. Ili turbo itoe presha ileile inayotoa Dar, lazima izunguke kwa kasi zaidi na kutoa hewa ya moto zaidi. Ramani iliyopangwa pwani na mtu aliyeongeza presha inaweza kuwa salama kule na kuisukuma turbo kupita uwezo wake huku. Evo ya Dar uiulize hilo kwanza.

Pia epuka gari lenye valvu ya kupumulia nje, ile inayopiga "pshaa" kila gia. Magari haya yote mawili hupima hewa mwanzoni mwa bomba. Hewa iliyokwisha kupimwa ikitupwa nje, kompyuta inamwaga petroli ya hewa ambayo haipo. Filta ya uyoga, ile iliyo wazi bila boksi, nayo kwenye vumbi la Arusha ni kuikaribisha sandpepa ndani ya turbo. Rudisha boksi la filta la kiwandani.

Siku ya kukagua, fika asubuhi injini ikiwa baridi. Weka kiganja juu yake kabla hujasalimia sana. Ikiwa ya moto, muuzaji ameiwasha kuficha kitu, na una haki ya kurudi siku nyingine. Geuza ufunguo bila kuwasha, uone taa ya injini inawaka. Isipowaka, kuna mtu ameitoa. Washa na usikilize. Subaru baridi inaweza kugonga kidogo kama mtu anabisha mlango kwa kidole, kisha ikatulia ikipata moto. Hiyo ni pistoni, na mara nyingi inaishi nayo miaka. Mlio wa kugonga wa kuogopa ni ule wa chini, mzito, unaoongezeka injini ikipata moto na ukikanyaga mafuta. Huo ni konrodi. Huo ukiusikia, aga kwa heshima uondoke.

Usitafute mlio wa "bub-bub-bub" kama ushahidi wa STI. Ya Japan ya umri huo ina turbo ya njia mbili na mabomba ya ekzosi ya urefu sawa, hivyo ikiwa kama ilivyotoka kiwandani haibwabwaji. Ikibwabwaja, mtu amebadilisha mabomba, na pengine turbo pia.

Fungua tanki dogo la plastiki la akiba ya kolanti injini ikiwa inaunguruma na imepata moto. Usiguse mfuniko wa rejeta, wala wa tanki la chuma lililo juu ya injini ya Subaru. Mapovu yanayopanda mfululizo ni gesi ya silinda, yaani gasketi ya hedi. Halafu mlipe fundi apime kompresheni: injini ya moto, plagi zote nje, kanyagio la mafuta hadi chini. Kwenye Subaru plagi zinatazama ubavuni, karibu na fremu, kazi ni ya saa nzima na zaidi, na fundi mvivu atakuambia haina haja. Haja ipo. Tofauti kati ya silinda isizidi asilimia 15, na silinda ya 4 ndiyo ya kuiangalia kwa macho mawili kwa sababu hupata joto kuliko wenzake.

Kwa Evo ongeza kipimo cha ACD na AYC, mfumo wa hidroliki unaogawa nguvu katikati na kwenye difu ya nyuma. Badilisha kati ya Tarmac, Gravel na Snow uone taa zinafuata. Taa zote tatu zikibaki zimewaka, mfumo umejifungia, na pampu yake ni ghali na haipatikani Arusha. Zungusha usukani hadi mwisho, tembea taratibu kwenye duara, sikiliza mlio wa kukatakata kutoka nyuma. DCCD ya Subaru, difu ya katikati ambayo dereva anaweza kuirekebisha, ni rahisi zaidi. Iache kwenye Auto, na usiifunge kabisa kwenye lami kavu, utasikia gari linajibana kila kona.

Barabara zenyewe nazo zinachagua. Intakula ya Evo, kipoza hewa inayotoka kwenye turbo, iko mbele nyuma ya bampa, inapata upepo mzuri lakini inapokea kila jiwe la njia ya Kibosho. Ya STI iko juu ya injini, salama na mawe, lakini kwenye foleni ya Sakina inapikwa na joto la injini, hivyo ukitoka foleni usikanyage mara moja. Chini, mabomba ya ekzosi ya Subaru yanapita tumboni mwa injini na yanapiga tuta mapema. Matuta ya Tengeru usiyakate mshazari ukiwa umejaza watu.

Tairi zote nne ziwe za aina moja na uchakavu mmoja. Tofauti ya milimita 1 ya meno ya tairi inabadilisha mzingo kwa zaidi ya milimita 6, na difu ya katikati inafanya kazi bila kupumzika. Tairi ikipasuka, badilisha nne.

Vipuri ndivyo vinavyonifanya nikuambie STI. Forester, Legacy na Impreza zimejaa kote, kwa hiyo sensa, pampu ya maji, beringi za magurudumu na vingine vingi unavipata mjini, na vikikosekana kuna basi la Nairobi kupitia Namanga. Vya Evo unaagiza, unasubiri, na wakati huo gari limepanda matofali. Mwenye gari la pili la kwenda kazini na subira ya wiki sita anaweza kufurahia Evo IX kuliko STI yoyote, na usukani wake ni mkali zaidi, hilo nalikubali wazi. Wewe una gari moja na Ijumaa zako zote ziko barabarani.

Kwa hiyo mpigie huyo wa Njiro leo jioni. Mwambie kesho asiwashe gari mpaka ufike. Beba tochi, sumaku, kitambaa cheupe cha dipstiki, na fundi wako mwenyewe, si wake.