Jibu: OSHA wana kazi gani kwenye ofisi ya mikopo?

Mkuu, umeuliza kama ofisi yenu ya mikopo hapo Ngamiani, isiyo na mashine wala kemikali, inawahusu OSHA, wakala wa serikali wa usalama na afya mahali pa kazi. Inawahusu. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi, Na. 5 ya 2003, inagusa mahali pa kazi kwa jumla, siyo viwanda tu. Lazima msajiliwe, na mkaguzi ana haki ya kuingia bila kuwapigia simu kwanza.

Kujiandaa na ukaguzi, msihangaike kupaka rangi. Angalieni mlango wa nyuma. Ofisi nyingi za fedha huufunga kufuli kwa kuogopa wezi, kisha maboksi ya mafaili ya wakopaji yanarundikwa pale pale. Moto ukitokea, mnatokea wapi? Wekeni komeo linalofunguka kwa ndani bila ufunguo. Mtungi wa kuzimia moto nao: mshale wa kipimo chake uwe kwenye kijani, na usifichwe nyuma ya kabati.

Halafu kibanda cha keshia. Kwa joto la Tanga, kioo kimezibwa, feni hakuna, kiti cha plastiki kutwa nzima! Hilo nalo ni suala la afya.

Sanduku la huduma ya kwanza mnalijua. Zimamoto wana ukaguzi wao, msiuchanganye na wa OSHA.