Ukionyeshwa Jambo, Liombee Kabla ya Kulisema

Mwaka 2014, kwenye mkesha wa Ijumaa hapa Kampala, nilipewa maikrofoni nikamwambia mama mmoja mbele ya watu wasiopungua mia kwamba namwona mume wake amelala ndani ya sanduku. Sikutamka jeneza, lakini nani asiyejua maana ya sanduku? Mume alikuwa dereva wa lori, hutoa mzigo Mombasa na kuupeleka Juba. Usiku ule alikuwa ameshavuka mpaka wa Elegu kuingia Sudan Kusini na simu yake haipatikani. Yule mama alipiga simu mpaka kukapambazuka. Jumamosi akakopa pesa kwa wenzake wa sokoni, akapanda basi kuelekea mpakani, mtoto mgongoni. Jumatatu mume akapiga mwenyewe, mzima wa afya, akiuliza kulikoni.

Kanisani wakasema unabii ule ndio uliomwokoa. Nami nikaitikia amina haraka haraka, maana ilinifaa. Aliyekataa ni mmoja tu, bibi tuliyemwita Jjajja, kama wanavyoitwa wazee hapa Buganda. Aliniita pembeni baada ya ibada.

"Uliona saa ngapi?"

"Saa saba usiku, Jjajja."

"Ukasema saa ngapi?"

"Saa saba hiyo hiyo."

"Basi ulimwombea saa ngapi, mwanangu?"

Sikuwa na jibu, na sikulipata hata nilipofika nyumbani. Nimekuwa katika huduma ya maombezi miaka mingi tangu siku ile, kwenye ibada yetu ya Kiswahili yenye Wakongo, Wakenya na sisi tuliokulia mpakani Busia, na karibu kila ninachowaambia vijana wenye karama ya unabii kinatoka kwenye swali lile.

Neno nabii linapojitokeza kwa mara ya kwanza katika Biblia, ni Mwanzo 20, na hapo hakuna anayetabiri chochote. Abimeleki, mfalme wa Gerari, amemchukua Sara, mke wa Ibrahimu. Mungu anamjia katika ndoto na kumwambia amrudishe mke wa mtu, kwa kuwa mumewe ni nabii, naye atamwombea apate kuishi. Basi. Kazi ya kwanza ya nabii kutajwa ni kumwombea mtu mwingine. (Na usisahau kwamba nabii mwenyewe ndiye aliyeanzisha balaa lile kwa kumwita mkewe dada. Hilo hunifariji ninapokumbuka makosa yangu.)

Halafu msome Amosi sura ya 7. Anaonyeshwa nzige wanamaliza majani ya nchi. Sisi Uganda hatuhitaji kuelezwa nzige ni nini, tuliwaona Februari 2020 walipoingia Karamoja. Amosi hakimbilii kutangaza. Anamlilia Bwana asamehe, Yakobo atasimamaje naye ni mdogo? Bwana anaghairi. Anaonyeshwa moto, analia tena, Bwana anaghairi tena. Mara ya tatu anaonyeshwa timazi, na safari hii hapati nafasi ya kusihi. Ndipo anapotamka hukumu. Mimi katika mkesha ule niliruka nzige, nikaruka moto, nikaanzia mahali Amosi alipomalizia.

Lipo pia andiko ambalo sijalisikia likihubiriwa mara nyingi, na nadhani najua sababu. Katika Yeremia 27 kuna manabii wanaotabiri kwamba vyombo vya hekalu vilivyochukuliwa vitarudi upesi kutoka Babeli. Yeremia hagombani nao kwa sauti. Anasema tu, ikiwa hawa ni manabii kweli na neno la Bwana wanalo, basi na wamwombe Bwana ili vile vilivyobaki visichukuliwe navyo. Kwa maneno mengine, nionyeshe magoti yako. Ukitaka kumpima mtu anayekutabiria, mwulize kwa upole: mtumishi, hili umeliombea tangu lini? Aliyeliombea atakujibu bila kukasirika.

Jjajja aliokoka akiwa msichana, miaka ya Amin. Mwaka 1977, mwaka ule ule Askofu Mkuu Janani Luwum alipouawa, serikali ilipiga marufuku makanisa mengi ya kipentekoste. Waliobaki waliomba majumbani, madirisha yamefungwa. Alinisimulia kwamba waliomba kwa kunong'ona, mmoja amekaa karibu na mlango akisikiliza nyayo, na mtu akionyeshwa jambo aliwaambia wawili tu, kwa sababu asiyejua hawezi kulazimishwa kusema. Jambo hilo waliliombea wiki nzima. "Hatukuwa na maikrofoni," alisema, "kwa hiyo tulimwambia Mungu." Nilidhani anatania.

Nilimwelewa mwaka 2020. Makanisa yalipofungwa mwezi Machi kwa sababu ya korona, tuliobaki na huduma tulibaki na simu. Saa tisa usiku tulikuwa watu sita kwenye laini, kila mtu na kifurushi chake cha data na ile kodi ya mitandao ya shilingi 200 kwa siku juu yake. Waliokuwa manabii wa jukwaani wengi walinyamaza, hakukuwa na wa kuwapigia makofi. Sisi sita tuliomba kwa majina: mgonjwa fulani, mama fulani aliyefungiwa duka, dereva fulani aliyezuiwa mpakani akisubiri kupimwa. Sikumbuki kipindi ambacho nimeonyeshwa mambo kwa uwazi kuliko kile, na sehemu kubwa ya niliyoonyeshwa sijawahi kuyasema kwa mtu yeyote.

Sasa niseme jinsi ninavyofanya, wewe uchukue kinachokufaa.

Nina daftari, la mistari, la kununua dukani. Nikipata njozi, ndoto au hata uzito tu moyoni juu ya mtu, naandika tarehe na nilichoona, kama kilivyo, bila tafsiri. Hapo ndipo wengi tunaanguka. Niliona mwanamume amelala ndani ya sanduku. Hayo ndiyo niliyoyaona. Kifo nilikiongeza mimi. Miaka baadaye nilipanda lori kutoka Tororo, nikaona nyuma ya kiti cha dereva kitanda chembamba kilichozungushiwa mbao na pazia, akaniambia humo ndimo wanamolala wakikwama kwenye foleni ya mpakani, siku mbili, siku tatu. "Kama maiti," akasema akicheka. Mimi sikucheka. Sidai kwamba hiyo ndiyo tafsiri yenyewe. Nasema tu kwamba mtu aliyechoka barabarani alihitaji maombi ya usiku ule, na badala ya kumpa maombi nilimpa mkewe kiwewe.

Baada ya kuandika, naomba. Siku tatu kwa kawaida, nyingine zaidi, na mara chache sana saa moja tu kwa sababu jambo linawaka. Naomba kwanza lisitokee kama ni baya, au litimie kama ni jema. Elia mwenyewe alishamwambia Ahabu kwamba kuna sauti ya mvua tele, halafu akapanda Karmeli akainama uso kati ya magoti, akamtuma mtumishi wake mara saba mpaka kikaonekana kiwingu kama mkono wa mtu. Kama neno linajitimiza lenyewe, mara saba zilikuwa za nini?

Kisha nawaambia wawili, si zaidi, na mmoja wao ni mchungaji. Paulo aliwaandikia Wakorintho manabii wanene wawili au watatu na wengine wapambanue, na kupambanua hakuwezekani mtu akiwa ameshalia sakafuni. Mara nyingi mzigo unashuka wakati wa maombi: nasikia wepesi, usingizi unarudi, na kwenye daftari naandika "limeisha". Hilo halisemwi. Mwenyewe hatajua kamwe, na haihitajiki ajue. Ni gumu kwa mwenye karama, nakiri, maana tunapenda ijulikane kwamba tuliona.

Yapo mambo ambayo siyasemi hata daftari likijaa. Kifo cha mtu. Nani aolewe na nani. Pesa, hasa pesa inayotakiwa iletwe kwangu. Umewasikia kwenye redio: neno lipo, lakini linahitaji mbegu, yaani sadaka ya pesa, linahitaji mafuta, maji, hata mchele. Elisha alikataa zawadi za Naamani, na Gehazi, mtumishi wa Elisha, aliyezifuata kwa siri alirudi na ukoma. Sina la kuongeza.

Lakini linaloniuma zaidi ya pesa ni tuhuma za uchawi. Kijana mmoja wa ibada yetu alikwenda kwa mtumishi fulani kwa sababu ya ajira, akaambiwa aliyemfunga ni mwanamke mzee wa ukoo, mweusi, anayekaa na paka. Sasa niambie, ni kijiji gani cha Uganda kisicho na bibi wa namna hiyo? Bibi yake ndiye aliyemlea, ndiye aliyeuza mbuzi alipie shule. Kijana akaacha kumtumia pesa, akaacha kwenda. Tulimwombea miaka miwili, si kumsema, kumwombea. Siku aliporudi kijijini akamkuta bibi haoni vizuri, na katika sanduku lake la nguo ameweka barua zake zote za shuleni. Hili sanduku nalo sikulionyeshwa.

Ukionyeshwa adui ndani ya familia ya mtu, huyo adui ni wa kuombewa kwanza. Kama huwezi kumwombea yule bibi kwa machozi yale yale unayomwombea kijana, ulichokiona bado hakijaiva moyoni mwako, funga mdomo.

Na nikiwa hapo: usimwambie mtu aache dawa. Tuna ndugu wengi wanaotumia ARV, dawa za VVU, na wanaishi vizuri. Mwombee mtu apone, mwombee na aliyemwandikia dawa, na mwache anywe dawa yake saa mbili usiku kama alivyoelekezwa. Nchi hii inajua bei ya maono yasiyopimwa. Tarehe 17 Machi 2000, kule Kanungu, mamia ya watu waliteketea kwa moto ndani ya jengo la ibada la viongozi waliodai kupokea njozi za mwisho wa dunia, na hao wafuasi walikuwa watu wa sala na kufunga, si wahuni. Kufunga peke yake hakumpi mtu macho. Siku ya tano bila chakula hata sufuria huongea, niliwahi kuisikia mwenyewe. Siku hizi nikifunga zaidi ya siku tatu, hakuna ninachokiona kinachotoka nje ya daftari mpaka nimekula na kulala.

Nisiwaonee manabii tu. Sisi waombezi nasi tuna ugonjwa wetu, nao ni umbea uliovaa kitenge cha maombi. "Wapendwa, tumwombee dada fulani, ndoa yake inapita mahali pagumu." Dakika kumi za kueleza ugumu wenyewe, dakika mbili za maombi. Kwenye kikundi chetu tulikubaliana tunaomba kwa jina na hitaji tu, bila hadithi. Wiki ya kwanza watu watatu waliacha kuja.

Wengine wanaelekea kosa la upande wa pili: wanaomba, wanaomba, na mikono mfukoni. Nabii Agabo alipotabiri njaa pale Antiokia, Matendo 11, wanafunzi hawakuitisha kongamano. Kila mtu alitoa kwa kadiri alivyoweza, wakawapelekea ndugu wa Uyahudi kwa mkono wa Barnaba na Sauli. Sisi tuna familia zinazofika Kampala kutoka makambi ya wakimbizi kama Nakivale na Kyangwali bila hata godoro. Ukionyeshwa kwamba dada ana njaa, huo ufunuo umeshafika mwisho wake, nenda na unga na maharage.

Kama unaanza leo, usianze na mlima. Watu hupenda kuanza na Seguku, ule mlima wa maombi, siku saba, picha kwenye simu. Seguku ni pazuri, mimi huenda. Lakini anza na majina matano na usiku mmoja wa wiki, uone kama utakuwepo mwezi wa sita. Ana, yule nabii mke wa Luka 2, alikuwa mjane wa miaka themanini na minne, haondoki hekaluni, anafunga na kuomba usiku na mchana. Alipomwona mtoto Yesu, Luka hakuandika hata neno moja kati ya aliyoyasema. Aliandika alivyoishi.

Yule mama, mke wa dereva, nilimwendea mwezi wa nne baada ya mkesha ule, na sukari kilo mbili na sabuni ya mche, Jjajja akiwa nami. Hakutufungulia. Tulirudi wiki iliyofuata. Akafungua, akatuketisha, akatupa chai, hakusema kitu. Niliomba msamaha. Akaniambia yeye alitishwa mbele ya watu, kwa hiyo msamaha nao niuombe mbele ya watu. Ijumaa nikachukua maikrofoni ile ile nikafanya hivyo, na deni la nauli nikalilipa kwa awamu tatu.

Jjajja amelala katika Bwana sasa. Dereva bado yuko barabarani. Kila lori linapotoka Mombasa mkewe hunitumia ujumbe wa neno moja, "ametoka", nami nafungua daftari naandika tarehe.